Kabla ya kumtangaza kitukuu cha Jacob Wainwright

Ndugu Mhariri,

Mtu akijitokeza leo Mombasa, Bagamoyo au Urambo na kusema yeye ni kitukuu cha Jacob Wainwright, atapigwa picha na kuandikwa gazetini kabla hajaulizwa bibi yake alibatizwa wapi. Kesho akija mwingine mwenye dai lile lile na ukoo mwingine kabisa, naye ataandikwa. Hatuandiki kuwakebehi. Wengi wanarudia walichosikia nyumbani, na cha nyumbani mara nyingi kina chembe ya kweli ndani yake. Tunaandika kwa sababu dai la nasaba hupimika, na anayelipima hahitaji shahada ya historia. Anahitaji daftari, penseli, subira, na kujua mahali ambapo wengi huteleza.

Kwa wasiomfahamu: Wainwright alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa India kwenye shule ya wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) iliyokuwa Sharanpur, karibu na Nasik. Mwaka 1872 alikuwa mmoja wa vijana sita wa Nasik waliojiunga na David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, huko Unyanyembe, karibu na Tabora. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Wainwright ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti. Aliandika kwa Kiingereza shajara ya safari ya kuuleta mwili pwani, kuanzia Mei 1873 hadi Februari 1874. Tafsiri yake ya Kijerumani ilichapishwa mwaka ule ule wa 1874, na daftari lenyewe limehifadhiwa Blantyre, Scotland, katika jumba la makumbusho la mahali alipozaliwa Livingstone. Aprili 1874 alikuwa Westminster Abbey, kanisa la London alikozikwa Livingstone, miongoni mwa waliolishika jeneza. Kisha akarudi Afrika, akafanya kazi na wamisionari Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, na kwingineko, akafia Urambo, katika Tanzania ya leo, mwaka 1892.

Shajara hiyo huwapoteza watafuta nasaba wengi kwa sababu wanaiuliza isichojibu. Shajara ya msafara inakwambia nani alikuwepo, nani alitangulia mbele, nani aliugua. Haikwambii baba wa mtu ni nani. Itumie kama ushahidi wa kuwepo kwa mtu mahali fulani wakati fulani, basi.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kufuata jina. Wainwright halikuwa jina la ukoo. Watoto wa Nasik walipewa majina ya Kiingereza walipobatizwa: Price, Isenberg na Farrar ni majina ya wamisionari wa CMS wa upande huo wa India, na mengine ni ya watu mashuhuri wa Uingereza. Wale vijana sita wa 1872 walikuwa Jacob Wainwright, John Wainwright, Carus Farrar, Matthew Wellington, Richard Rutton na Benjamin Rutton. Hesabu mwenyewe: watu sita, majina ya mwisho manne. Matthew Wellington alizaliwa akiitwa Chengwimbe, na hakuna anayedhani ana damu ya yule jenerali aliyempiga Napoleon; sasa kwa nini tudhani kila Wainwright ana damu ya Jacob? Mwenye jina hilo anaweza kutoka kwa Jacob, kwa John, kwa mtoto aliyebatizwa miaka kumi baadaye akapewa jina la msimamizi wake, au kwa Mwingereza asiyehusika hata kidogo. Hali ni hiyo hiyo kwa kina Price na kina Jones wa pwani. Jina ni sababu ya kuanza kutafuta, si sababu ya kuacha.

Upande wa pili wa kosa hilo hausemwi sana. Mjukuu wa kweli huenda hana jina hilo kabisa. Huku kwetu mtoto huchukua jina la kwanza la baba. Tuseme mtu anaitwa Yakobo Wainwright. Mwanawe atakuwa Daudi Yakobo, mjukuu atakuwa Petro Daudi, na kwa kitukuu jina la Kiingereza limekwisha kutoweka bila mtu yeyote kulificha. Binti akiolewa linapotea mapema zaidi. Kwa hiyo anayepekua faharasa akitafuta herufi W peke yake anatafuta wale tu ambao ukoo wao ulifuata desturi ya Waingereza, nao ni wachache.

Tahajia nayo ina shimo lake. Katika rejista tafuta Jacob, Yakobo na Yakubu, chini ya J na chini ya Y. Wainwright itafute pia bila w ya pili, bila gh, na kwa jinsi sikio la karani lilivyoisikia. Mfano mzuri uko kwenye ule mti wa Chitambo. Wainwright alichonga jina la Livingstone, tarehe, na majina matatu: YAZUZA, MNIASERE, VCHOPERE. Kipande hicho cha mti kiko London kwa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Mniasere ndiye ambaye Stanley, mwandishi wa habari aliyemtafuta Livingstone, anamwandika Manwa Sera, na Vchopere, ambaye V yake ni U, ndiye Chowpereh wa Stanley huyo huyo. Anayetafuta “Chowpereh” tu atampita Uchopere kana kwamba hakuwepo. Dawa yake ni kuliandika jina jinsi linavyotamkwa, kisha kuorodhesha kila namna ambayo Mwingereza, Mjerumani au mwandishi wa hati za Kiarabu angeweza kuliandika, na kuitafuta kila moja. Orodha ya namna nane au kumi kwa jina moja si ndefu.

Tena kuna waliobadili jina ukubwani. Abdullah Susi, aliyeongoza msafara ule wa kuuleta mwili pamoja na mwenzake Chuma, alibatizwa Zanzibar mwaka 1886 na kuitwa David. Hati za kabla ya hapo zinamtaja kwa jina moja, za baadaye kwa jingine, na asiyejua atahesabu watu wawili.

Kosa la pili ni neno “babu”. Kiswahili kinampa jina hilo baba wa baba, baba wa mama, ndugu zao, na mzee yeyote anayestahili heshima. Anayefuatilia nasaba hawezi kuishi na utajiri huo. Kila “babu” lazima aulizwe: mzaa baba au mzaa mama? Wa kuzaa, au ndugu wa aliyezaa? Kisha fanya hesabu. Wainwright alifariki 1892, kwa hiyo mtoto wake wa mwisho kabisa angezaliwa si zaidi ya mwanzoni mwa 1893. Mtoto huyo akiwa mwanamke, uzazi wake ungekoma karibu 1938. Akiwa mwanamume na akazaa hadi umri wa miaka 70, tunafika 1963. Mtu aliyezaliwa 1980 akisema Wainwright ni baba wa baba yake, basi ama kuna kizazi kilichorukwa ama ni babu wa heshima. Anaweza bado kuwa kitukuu au kilembwe wa kweli, lakini jinsi dai lilivyosemwa haiwezekani. Kwa makadirio ya kawaida weka miaka 25 hadi 30 kwa kizazi kimoja, na panapozidi 45 simama uchunguze.

Sasa njia yenyewe. Usianze na Wainwright ukashuka. Anza na mtu aliye hai, kisha upande juu kizazi kimoja kwa wakati mmoja, na usivuke kwenda kizazi cha juu kabla hujapata hati mbili zisizotegemeana zinazounga mtoto na mzazi. Hati mbili zilizonakiliwa kutoka chanzo kimoja ni hati moja. Cheti cha kifo kilichoandikwa kwa maelezo ya mjukuu, na wasifu wa marehemu ulioandikwa na mjukuu huyo huyo wiki ile ile, ni sauti moja iliyosikika mara mbili.

Nyumbani kusanya kwanza vyeti, vitambulisho, kipande (kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni) kama kilihifadhiwa, barua za ajira za reli, forodha au bandari, hati za shamba, wasia na mirathi, Biblia zenye majina ukurasa wa mwanzo, picha zenye maandishi nyuma, na programu za mazishi. Programu za mazishi ni hazina na ni mtego. Zinataja watoto, wajukuu, wakwe na kijiji cha asili kuliko hati yoyote ya serikali. Lakini miaka ya kuzaliwa humo imekadiriwa, watoto wa ndugu huandikwa kama watoto, na ndoa ya kwanza huachwa ili kulinda amani msibani. Kipande cha Kenya ya kikoloni nacho kilitaja wilaya, kabila na chifu wa mtu. Ni msaada mkubwa kwa wanaume waliofanya kazi ya mshahara, na hakisemi lolote kuhusu mama zao.

Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu hawapati cheti cha kuzaliwa cha babu wa 1905. Hawatakipata. Kwa Waafrika walio wengi wa Kenya na Tanganyika uandikishaji wa vizazi haukuwa wa lazima hadi miaka ya karibu na uhuru au baadaye. Cheti kinachoonyesha mtu kazaliwa 1905 lakini kimetolewa 1968 ni kumbukumbu ya mtu mzima akijieleza ofisini. Tazama tarehe ya kuandikishwa, si ya kuzaliwa pekee. Na mwenye tarehe 1 Januari au 1 Julai, mara nyingi tarehe hiyo ni ya karani.

Kwa wazee, namna ya kuuliza ndiyo kila kitu. Ukimuuliza bibi, “Je, sisi ni wa Wainwright?” atakubali, kwa adabu au kwa sababu ameona unataka hivyo. Muulize nani alimlea mama yake, mama huyo alizikwa wapi, nani alisimama kama baba siku ya arusi, nani alirithi minazi. Majibu ya mirathi na maziko hayapotoki haraka kama ya ukoo. Miaka iunge na matukio: njaa kuu ya 1898 hadi 1900, ujenzi wa reli ya Uganda, Vita vya Kwanza, homa ya 1918. Rekodi sauti kwa ruhusa yake, useme tarehe na mahali mwanzoni mwa rekodi. Na kuna swali ambalo halipaswi kuulizwa mbele ya hadhira, nalo ni la utumwa. Familia nyingi za Freretown na Rabai zilitokana na mateka waliokombolewa, na ziko zilizolificha hilo kwa vizazi vitatu. Kuwafichua kwa jirani zao ili wewe ukamilishe mti wako ni ukatili.

Rejista za kanisa ndizo mgongo wa kazi. Freretown ilianzishwa na CMS mwaka 1875, baada ya mkataba wa Juni 1873 uliomlazimu Sultani Barghash wa Zanzibar kufunga biashara ya watumwa baharini. Rabai ilikuwa na wamisionari tangu 1846. Unaposoma rejista ya ubatizo, kwanza tambua kama ni ya watoto au ya watu wazima. Ya watoto hutaja baba na mama. Ya watu wazima waliokombolewa mara nyingi haina wazazi. Safu iliyojazwa ni ya wasimamizi wa ubatizo. Hapo ndipo miti mingi ya Mombasa ilipopinda: msimamizi amesomwa kama baba, na kwa kuwa wasimamizi walikuwa watu wachache wenye heshima, mtu mmoja anaonekana kuwa na watoto kumi na saba. Soma vichwa vya safu ukurasa wa mwanzo wa kitabu, maana kurasa za ndani huwa hazivirudii. Umri wa mtu mzima aliyebatizwa umekisiwa, uongeze na uupunguze miaka mitano. Rejista ya ndoa ni bora zaidi kwa sababu Waanglikana waliuliza jina la baba wa kila upande. Penye pengo au neno la kuonyesha baba kafa, hilo nalo ni jibu. Usiache mashahidi. Shahidi anayejirudia katika ndoa tatu za nyumba moja ni ndugu mpaka ithibitike vinginevyo.

Wanawake wa msafara wamesahauliwa kabisa katika utafutaji huu. Halima, mpishi wa Livingstone na mke wa Amoda aliyekuwa katika msafara huo huo, na Ntaoeka, mke wa Chuma, walitembea njia ile ile. Anayedai kutoka kwa Chuma aonyeshe mama ni nani. Chuma alikufa Zanzibar mwaka 1882, mapema, na dai lisilo na mama ni dai la nusu.

Hili la akina mama ni zito zaidi kwa Wayao. Nasaba yao ya jadi hufuata upande wa mama. Kiini cha ukoo ni mbumba, yaani akina dada na watoto wao chini ya kaka yao mkubwa. Kwa mtazamo huo watoto wa Jacob ni wa ukoo wa mke wake, na warithi wake ni watoto wa dada zake. Wamisionari waliandika kwa mkono wa baba. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kweli tupu kwamba “ukoo wetu ni wa Wainwright” akimaanisha ametoka kwa dada wa Jacob aliyebaki bara, na gazeti likaandika kwamba ametoka kwa Jacob. Maneno ni yale yale, nasaba ni mbili. Muulize mdai, kwa Kiyao kama anakijua, uhusiano ulipitia kwa nani.

Kuhusu mahali pa kutafuta, watu humng'ang'ania Wainwright Mombasa kwa kuwa Freretown inajulikana na kengele yake bado iko Kengeleni. Alifia Urambo. Kituo hicho kilikuwa cha shirika jingine la wamisionari, London Missionary Society, si cha CMS, tangu 1879 enzi za mtemi Mirambo, na mwaka 1898 kikakabidhiwa wamisionari wa Kanisa la Moravian. Hapo nyaraka zinagawanyika mara tatu. Za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, katika maktaba ya Cadbury. Za London Missionary Society ziko chuo cha SOAS, London. Za Wamoravian wa baada ya 1898 ziko Herrnhut, Ujerumani, kwa Kijerumani na kwa mwandiko wa zamani ambamo e inafanana na n, na u inatofautishwa na n kwa kijimkunjo cha juu. Jina la Kinyamwezi lililosomwa na asiyejua hilo hugeuka jina la mtu mwingine. Anayemtafuta mtu wa Urambo aliyezaliwa 1890 na kuolewa 1910 atahitaji kundi la pili na la tatu. Wale wa Susi na Chuma waende kwenye nyaraka za UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa Zanzibar, zilizoko Oxford, na Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani. Nakala za rejista za Kianglikana za Bombay ziko British Library, mfululizo wa N/3, ila humo si kila Mkristo asiye Mzungu aliandikwa. Kabla ya kulipia nakala yoyote, andika barua ya kuuliza kitu kimoja kinachojibika: “Rejista ya ndoa ya kituo hiki, miaka hii mitano, ipo?” Ombi la “kila kitu kuhusu babu yangu” hurudi mikono mitupu.

Tarehe ziangalie kwa jicho kali. Mti wa Chitambo unasema Mei 4, 1873. Vitabu vingi vinasema Livingstone alifariki Mei 1. Mkono wake mwenyewe uliandika mara ya mwisho Aprili 27. Miaka miwili kabla, Stanley anauweka mkutano wa Ujiji Novemba 10, 1871, ilhali shajara ya Livingstone inauweka Oktoba, kwa kuwa mgonjwa porini hupoteza hesabu ya siku. Ikiwa watu wenye kalamu na daftari walipishana wiki kadhaa, bibi anayekisia mwaka asihukumiwe. Katika hati za Kiislamu, geuza mwaka kwa kuzidisha wa Hijria kwa 0.97 na kuongeza 622: 1290 inakupa 1873, na kweli 1290 ilianza Machi 1873. Njia hiyo inakupa mwaka tu; kwa siku tumia jedwali. Na siku ya Mswahili huanza magharibi. Aliyefariki “usiku wa Ijumaa” alifariki Alhamisi baada ya jua kutua, na karani Mzungu angemwandika Alhamisi. Rejista mbili zikipishana siku moja, pengine zote ni sahihi.

Wapo wanaotuuliza kwa nini ukoo wa Livingstone mwenyewe umechorwa mpaka mwisho na wa Wainwright haujachorwa. Sababu ni karatasi. Scotland ilianza uandikishaji wa lazima Januari 1, 1855, na cheti cha kifo cha huko kinataja baba na mama wa marehemu. Cheti kimoja kinakurusha kizazi kizima. Hata hivyo jina liliwatega hata wao. Baba yake, Neil, aliliandika Livingston bila e ya mwisho, na David mwenyewe alitia sahihi hivyo ujanani, kwa hiyo anayetafuta tahajia moja anakosa nusu ya familia. Watoto walizaliwa Afrika, nje ya rejista za Scotland. Mwanawe mkubwa, Robert, aliingia jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwa jina la Rupert Vincent, akafa mateka huko Salisbury, North Carolina, Desemba 1864. Bila barua aliyomwandikia baba yake kueleza kwamba amebadili jina, orodha ya wafungwa isingemuunga na mtu yeyote. Ukoo uliendelea kupitia mabinti, Agnes aliyeolewa na Alexander Low Bruce, na Anna Mary aliyeolewa na Frank Wilson. Kwa maneno mengine, wazao wa Livingstone wanatoka kwenye familia za Bruce na Wilson, na yule rafiki yenu wa Kakamega au Iringa anayeitwa Livingstone alipewa jina hilo kanisani.

Vipimo vya DNA vinauzwa kama jibu la yote. Si jibu hapa, na sababu ni za kihesabu. Kilembwe hupata kwa wastani asilimia 6.25 ya vinasaba vya babu wa babu yake. Vilembwe wawili waliotokana na watoto tofauti wa mtu yule yule hushirikiana kwa wastani asilimia 0.78 tu, na takriban jozi moja kati ya kila kumi za namna hiyo haionyeshi chochote kwenye kipimo. Hakuna sampuli ya Wainwright ya kulinganisha nayo. Kwa hiyo kipimo kinaweza kusema wadai wawili ni ndugu. Hakiwezi kusema undugu ulipitia kwa nani. Tena jamii za wamisheni zilikuwa ndogo, wakaoana wao kwa wao vizazi vitatu au vinne, na watu wa namna hiyo huonekana ndugu wa karibu kuliko walivyo. Kipimo cha ukoo wa kiume kinamfaa tu aliyetoka mwana kwa mwana bila kukatika. Cha upande wa mama hakifai kabisa kwa Jacob, maana mwanamume hawarithishi watoto wake vinasaba hivyo. Pima ukitaka, lakini pima baada ya karatasi, na mpime mzee zaidi katika nyumba kwanza.

Ombi letu kwa makanisa ni dogo. Rejista za pwani zinaliwa na mchwa na unyevu wa chumvi, na wino wa chuma unakula karatasi. Ruhusuni zipigwe picha. Simu ya kawaida inatosha: kitabu kiwekwe dirishani kwenye mwanga wa pembeni, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa, picha mbili kwa kila kurasa mbili zilizo wazi. Anzeni na jalada na kurasa tupu pia, ili asiyekuwepo ajue hakuna kilichorukwa. Picha zipewe jina la parokia, aina ya rejista, mwaka na ukurasa kabla ya kuondoka mezani. Msiweke selotepu wala plastiki ya moto kwenye karatasi iliyochanika. Gundi yake hugeuka kahawia na kuondoka na maandishi. Kalamu ya wino isiwepo mezani. Picha za miaka ya karibuni zisisambazwe, kwani wahusika wako hai, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

Na kwako Mhariri: atakapokuja mdai mwingine, mwandishi wako amuulize majina kamili ya mama na bibi zake, mahali walipobatizwa au kuolewa, kizazi gani kina hati na kipi kina simulizi tu, na kama anamaanisha kuzaliwa na Jacob au kutoka ukoo wake. Majibu yaandikwe yalivyo. “Familia inasimulia kwamba” ni maneno matatu tu, nayo hayamvunjii mtu heshima.

Kuna kitu kimoja ambacho msomaji yeyote anaweza kukitazama leo. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya waliouleta mwili wa Livingstone pwani. Zilipofika Zanzibar wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika. Kila medali imechongwa jina la mpewaji, na jina hilo haliko usoni bali ukingoni, kwa herufi ndogo ambazo jicho huzipita. Anayeikuta medali ya zamani yenye sura ya mzungu mwenye masharubu katika kasha la bibi asiisugue kwa majivu wala kuipeleka kwa sonara. Aizungushe taratibu kwenye mwanga, apige picha ukingo wote kwa vipande vinne vinavyopishana kidogo, na aandike siku hiyo hiyo kasha lilikuwa la nani kabla ya bibi.

Wafuatiliaji wa nasaba,
Mombasa